Wanyama na pori la Kidepo na mpaka wa Karamoja: maswali mnayouliza kila mara

Maswali haya yanakuja kila wiki, mengine yanatoka kwa watu wa Kampala ambao hawajawahi kufika huku, mengine kwa jamaa wa Lodwar kule Kenya na Torit kule Sudan Kusini, na mengine kwa vijana wetu wa hapa hapa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, wenye wanataka kujua kwa nini renja, yaani askari wa hifadhi, anawafukuza porini ambako babu zao walikuwa wanachunga. Nimeyaweka pamoja. Soma lile linalokuhusu, ila ukiweza pitia hili la njia za wanyama, maana ndilo linaloniuma zaidi.

Kwani Uganda ina jangwa?

Jangwa la mchanga mtupu hatuna. Lakini toka Kitgum, shika barabara ya Orom uingie Karenga, utaona mwenyewe nchi inavyobadilika, miti inakuwa mifupi, miiba inaongezeka, na kufika mwezi wa kwanza au wa pili vumbi ndilo linatawala. Karamoja ina msimu mmoja tu wa mvua, kama Aprili hadi Septemba hivi, na kuna miaka mvua inakuja wiki chache halafu inapotea kabisa. Ukishuka upande wa Turkana kule Kenya ni jangwa sasa, na kaskazini kuna Sudan Kusini. Katikati hapo ndipo iko Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kidepo, wilaya ya Karenga, kilomita za mraba 1,442. Ilianza kama pori la akiba mwaka 1958, ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1962.

Ndani kuna mabonde mawili. Bonde la Narus linabaki na vidimbwi hata kiangazi, kwa hiyo nyati na ndovu wanajazana huko. Bonde la Kidepo lenyewe ni kavu zaidi, na mto wake karibu mwaka mzima ni mchanga tu. Maji yako chini. Ndovu anasimama kwenye ule mchanga, anapiga kwa mguu, anatoa mchanga kwa mkonga, anapiga tena mpaka tundu linaanza kulowa, anangoja maji yajikusanye, anakunywa polepole, na akiondoka wengine wanakuja kunywa pale pale. Nje ya hifadhi kina mama wetu wanafanya kazi ile ile kwenye mito ya mchanga, na karai na kikombe. Mtu akikuambia wanyama na watu wa huku hawana kitu wanachogombania mwambie aje mwezi wa pili.

Ni wanyama gani wako huku na hawako kwingine Uganda?

Duma kwanza, yuko Karamoja tu. Halafu mbweha masikio, simbamangu, fisi mistari, tandala mkubwa na tandala mdogo, na mbuni. Hao wote ni wanyama wa nchi kavu, ukiwapeleka hifadhi za Queen Elizabeth au Bwindi kule magharibi si kwao. Korongo, yule swala mkubwa si ndege, amebaki pori la akiba la Pian Upe, kule kusini mwa Karamoja. Ndege wamehesabiwa zaidi ya aina 470 Kidepo. Watu wengi wanadhani utalii wa Uganda ni sokwe na gorila basi, na kwa hiyo hata pesa na macho ya wakubwa yanaenda huko, huku kunabaki nyuma.

Na waliopotea ni wepi?

Kifaru aliisha Uganda nzima mwanzoni mwa miaka ya 1980. Choroa alikuwa Karamoja, hayuko tena. Twiga wa Kidepo walibaki wachache mno mpaka ikabidi waletwe wengine kutoka Kenya miaka ya 1990, na mwaka 2018 wakaletwa tena kutoka hifadhi ya Murchison. Nawaambia vijana kila mara, hao twiga unaopiga nao picha Apoka, kituo cha wageni cha Kidepo, karibu tuwakose kabisa.

Hizo bunduki zilitoka wapi?

Wizi wa ng'ombe ni wa zamani, ulikuwa wa mikuki. Mwaka 1979 Amin alipoanguka askari wakakimbia kambi ya Moroto, ghala la silaha likabaki wazi na watu wakabeba. Zingine zikaingia kutoka vita vya Sudan. Bunduki ikishafika kwenye kraal, yaani boma la ng'ombe, inalinda ng'ombe asubuhi, mchana inaua kongoni, na usiku inaenda kuvamia jirani. Serikali ikakusanya silaha mwaka 2001, ikarudia 2006, kukawa na utulivu miaka kadhaa, halafu kutoka 2019 wizi ukarudi kwa nguvu mpaka Julai 2021 jeshi likaanzisha operesheni ya Usalama kwa Wote.

Kuna jambo moja halisemwi sana. Usalama ukiharibika wafugaji hawatawanyiki tena. Kipindi kile mifugo ililazwa kwenye maboma ya kulindwa karibu na kambi za jeshi, maelfu ya ng'ombe mahali pamoja, siku baada ya siku. Nyasi zikaisha, udongo ukabaki uchi, mvua ikija inachimba makorongo. Na upande mwingine kukawa na malisho mazuri kabisa ambayo hakuna mtu anathubutu kukanyaga kwa sababu ya kuogopa kupigwa risasi. Kwa hiyo bunduki inaharibu pori hata kama haijaua mnyama.

Siku hizi nani anawinda, na anawinda vipi?

Wengi wanafikiria jambazi wa pembe za ndovu. Wapo. Lakini kinachomaliza wanyama kila siku ni waya. Unachukua waya wa breki ya baiskeli au ya boda, au unachoma tairi kuukuu unatoa zile nyuzi za chuma ndani, unatengeneza kitanzi, unakifunga kwenye mti mdogo kando ya njia ya kwenda majini, usawa wa shingo ya kongoni. Bei yake karibu bure. Mtu mmoja anatega mingi kwa siku moja na mingine anaisahau, na waya hauozi, unabaki pale unakamata tu, haubagui mwenye mimba wala mtoto, simba akipita ananaswa mguu, ndovu anakatika mkonga.

Nyama inakaushwa inaenda sokoni, mara nyingi usiku, na wanunuzi si maskini peke yake. Watu wa mjini wanaitaka kwa sababu wanasema ina ladha, na mimi kwa hao sina huruma. Kwa mama ambaye mtama wake umekauka na watoto hawajala hata ugali wa posho hasira yangu ni ndogo. Huyo anahitaji chakula kabla hujamletea semina ya mazingira.

Kuna pia wanaovuka kutoka Sudan Kusini na silaha za vita. Renja wetu wanakutana nao huko milimani, na kazi hiyo ni ya hatari kweli.

Sumu je?

Upande wa magharibi tumeona: Aprili 2018 simba kumi na mmoja walikufa kwa sumu Queen Elizabeth, na Machi 2021 wengine sita kule Ishasha. Mtu amepoteza ng'ombe, ana hasira, anamwaga dawa ya wadudu kwenye mzoga. Simba anakula anakufa, fisi anakufa, halafu wanakuja tai wengi kwa mpigo, na tai anazaa kifaranga mmoja tu kwa wakati, kwa hiyo kundi likifa leo pengo lake halizibiki haraka. Huku kwetu mahali mifugo iko kila upande wa hifadhi naiogopa sumu kuliko bunduki.

Si wanyama wana hifadhi yao? Shida iko wapi basi?

Hapa ndipo penyewe. Hifadhi ni ndogo kuliko maisha ya mnyama. Ndovu wa Kidepo hakai Kidepo mwaka mzima, anatoka kwenda pori la jamii la Karenga, anaelekea upande wa Orom, anapanda kaskazini kuingia Sudan Kusini, anarudi kulingana na mvua. Nyati naye anafuata nyasi. Kwa hiyo pori la Karenga, msitu wa Agoro-Agu kule Lamwo, na milima ya mpakani, vyote ni nyumba moja, ila kwenye karatasi ni mali ya watu mbalimbali: Mamlaka ya Wanyamapori Uganda (UWA), mamlaka ya misitu, jamii, nchi jirani.

Zamani Karamoja karibu yote ilikuwa imewekwa chini ya uhifadhi, Matheniko, Bokora, Pian Upe mpaka chini kabisa. Kwa wananchi haikuwa haki, maana walikuwa wanaishi ndani ya ardhi ambayo kisheria ni ya wanyama. Mwaka 2002 Bunge likapunguza eneo hilo sana. Mimi sisemi lilikosea kuwarudishia watu ardhi. Tatizo ni kwamba ilikatwa bila mtu kukaa chini na wazee akauliza, wanyama wanapita wapi hapa, tuache kipande gani wazi. Sasa kwenye zile njia kumekuja mashamba, vibanda, machimbo, uzio, centa mpya yenye baa na duka la airtime, na ndovu akija usiku kama alivyokuja mama yake anakuta mahindi ya mtu.

Pian Upe bado ni kubwa, ya pili kwa ukubwa baada ya Murchison, lakini kati yake na Kidepo kule juu duma anapita wapi? Kila mwaka nafasi inapungua. Mwindaji unaweza kumkamata, waya unaweza kuung'oa, hata twiga unaweza kumleta na lori kutoka Murchison. Ila njia ikishajengwa haifunguki tena. Kama ningepewa jambo moja la kuomba kwa wakubwa ningeomba njia hizo zichorwe kwenye ramani za wilaya na ziheshimiwe kabla ya kugawa ploti, na wenye ardhi walipwe kitu kila mwaka kwa kuiacha wazi.

Sudan Kusini kuna wanyama kweli? Si vita viliwamaliza?

Watu wengi waliamini hivyo. Mwaka 2023 walihesabu kwa ndege maeneo ya Boma na Badingilo, matokeo yakatangazwa Juni 2024: karibu swala milioni 6 wanahama, na kama milioni 5 kati yao ni kob wenye masikio meupe. Hakuna uhamaji mkubwa wa mamalia wa nchi kavu unaojulikana duniani kuliko huo. Hawafiki Kidepo, wako kaskazini zaidi, lakini tishio ni lile lile, nyamapori ya biashara inayobebwa na pikipiki kwenye barabara mpya. Na ndovu wetu wakivuka wanaingia nchi yenye bunduki nyingi na renja wachache.

Ng'ombe ndio wanaoharibu pori, si muwafukuze?

Hapana, na swali hili linanikera kidogo. Wafugaji na wanyama wameishi pamoja Karamoja muda mrefu kuliko hifadhi yenyewe. Mfugaji anayehama anapumzisha nyasi. Ukimfungia mahali pamoja ndipo unaharibu. Mturkana akivuka kiangazi kuja kutafuta majani na maji Moroto au Kotido anafanya alichofanya babu yake, na Septemba 2019 Marais Museveni na Kenyatta walitia saini Moroto makubaliano ya amani na maendeleo ya mpakani. Shida ikawa silaha, ndiyo maana amri ya Rais ya Mei 2023 ikasema wasiingie tena na bunduki.

Na kuna mambo ambayo ng'ombe na nyati wanashirikiana. Ugonjwa wa sotoka ulikuwa unaua wote. Kesi za mwisho Uganda zilikuwa Karamoja mwaka 1994, zikaisha kwa sababu wafugaji wenyewe walifundishwa kuchanja wakazunguka kraal kwa kraal, mahali ambapo daktari wa serikali hangefika. Kwa kumchanja ng'ombe ukamwokoa nyati.

Makaa yanahusiana nini na wanyama?

Simama barabara ya kutoka Moroto kwenda Soroti uangalie magunia. Kila gunia ni mti, na mti huku haukui haraka. Wanakata migunga, wanakata mikwaju, wanakata hata mti wa ekorete ambao majani yake ndiyo mboga ya kiangazi. Upande wa Acholi na Abim wanakata mti wa shea, ule unaotoa mafuta ya “moo yao” na unachukua miaka mingi kabla ya kuzaa. Mti wa beyo nao umechukuliwa kwa mbao mpaka mwaka 2022 nchi za CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vya pori, zikaamua biashara yake idhibitiwe.

Mei 2023 amri ikapiga marufuku makaa ya biashara kaskazini. Lori nyingine zimepungua mchana zikahamia usiku. Yule anayechoma hapati kitu, anauza gunia bei ya kununua chakula cha siku chache, faida inabaki kwa mwenye lori na kwa anayeuza Kampala. Ukimkamata mama mwenye gunia mbili ukamwachia mwenye lori hujafanya kazi. Na sisi wa mjini tunaopikia makaa tumo ndani ya hii habari, tusijitoe.

Dhahabu na marumaru?

Rupa, karibu na Moroto, kuna dhahabu na marumaru, Tapac kuna mawe ya chokaa yanayoenda viwanda vya simenti Tororo, Kaabong kuna machimbo ya dhahabu ya Lopedo. Machimbo madogo yanalisha familia nyingi, kina mama na watoto wanaosha mchanga kwenye beseni mtoni kutwa nzima. Ila mashimo yanaachwa wazi, mifugo na wanyama wanaanguka, na maji yale machache ya kiangazi yanachafuka. Zebaki ni hatari zaidi, inaingia kwenye maji haitoki, na Uganda iliridhia mkataba wa Minamata mwaka 2019 wa kuipunguza. Makampuni makubwa nayo yakija yanakuja na uzio na barabara ya lori. Mikataba isomwe kwa Ngakarimojong, lugha ya huku, mbele ya watu, kwenye mkutano, isisomwe kwenye hoteli Kampala.

Ni mabadiliko ya tabianchi au ni watu tu?

Vyote. Mvua imekuwa haitabiriki, mwaka 2022 njaa iliua watu Karamoja, na Februari 2020 nzige waliingia kupitia Amudat. Mwaka mbaya ukija kila kitu nilichotaja hapo juu kinaongezeka kwa wakati mmoja, waya, makaa, wizi wa ng'ombe, kuingia hifadhini kutafuta maji.

Na moto?

Moto wa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, unasaidia, na renja wenyewe wanachoma hivyo kwa mpango. Moto wa mwishoni mwa kiangazi ndio unaua miche, kobe na viota. Anayewasha ili afukuze panya au apate majani mabichi mara nyingi hawezi kuuzima.

Waik wako wapi katika haya?

Waik ni kabila dogo la huku; waliwinda na kuokota matunda bonde la Kidepo kabla ya kuwa hifadhi, wakaondolewa miaka ya 1960, sasa wako mlima Morungole na Timu. Hawafugi ng'ombe, wanalima na kuweka mizinga ya nyuki, na walikuwa wanapigwa kutoka pande zote, Turkana huku Dodoth kule. Wana mbunge wao tangu 2016. Msitu wa Timu ukikatwa nyuki wataondoka na wao ndio wataumia kwanza. Kila mkutano wa Kidepo unaofanyika bila Mwik mezani kwangu haujakamilika.

Ndovu amekula mtama wangu. Nitalipwa?

Sheria ya Wanyamapori ya 2019 iliweka mfuko wa fidia, asilimia 2 ya mapato ya UWA, kwa kifo, majeraha au mali iliyoharibiwa na mnyama nje ya hifadhi. Ndovu, simba, chui, fisi na nyati wamo. Ripoti haraka, usisubiri, piga picha shamba kabla hujasafisha, mwite LC1, mwenyekiti wa kijiji, ashuhudie, nenda ofisi ya UWA iliyo karibu ujaze fomu na ubaki na nakala. Pesa inachelewa, watu wanalalamika na wana haki ya kulalamika. Pia kuna asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi inayorudi kwa jamii za jirani kupitia wilaya, hiyo uliza kwenye mkutano wa subcounty imefanya nini kwenu, ni haki yako kuuliza.

Kuzuia: mizinga ya nyuki kwenye ukingo wa shamba, moshi wa pilipili na kinyesi cha ndovu, vijana wa doria wenye tochi na vuvuzela. Usitoke peke yako usiku, na usimrushie mkuki.

Adhabu ya kuua mnyama ni gani?

Kwa wanyama walio hatarini inafika kifungo cha maisha au faini ya shilingi bilioni 20, au vyote. Si ya kutisha tu, mwaka 2022 mahakama Kampala ilimpa mtu kifungo cha maisha kwa pembe za ndovu.

Nikija kutembea nitasaidia au nitaharibu?

Njoo. Kiingilio chako ndicho kinalipa renja. Lala hata siku moja Karenga mjini, kula huko, nunua asali ya Waik, chukua mwongoza watalii wa hapa. Usimwambie dereva aache barabara amfuate duma, duma akifukuzwa na magari anakosa windo, na watoto wake wanalala njaa. Chupa za plastiki rudi nazo.

Nimekuta waya porini, au mzoga wenye tai waliokufa pembeni. Nifanye nini?

Waya: kama hakuna mnyama, piga picha, kumbuka mahali au weka alama kwenye simu, halafu mpigie renja au mwambie LC akupeleke. Ukiung'oa ubebe wote mpaka ofisini, ukiutupa kichakani mtu ataurudisha. Kama mnyama bado yuko hai ndani yake usimsogelee hata akionekana amechoka, kongoni aliyenaswa anaweza kukutoboa, na kama ni ndama wa nyati, mama yake hakai mbali. Subiri daktari wa UWA.

Mzoga wenye tai waliokufa: hiyo ni sumu mpaka ithibitishwe vingine. Usiguse kwa mikono, fukuza mbwa na watoto, usiruhusu mtu akate nyama hata kidogo, ita UWA na daktari wa mifugo wa wilaya. Wakishachukua sampuli mzoga unachomwa wote pamoja na udongo wa juu, maana ukiuacha usiku mmoja tu fisi watakuja na asubuhi utahesabu mizoga mingine.